Saa Mia Tisa za Eunike

Mwaka 2003 Eunike alikuwa msimamizi msaidizi katika kampuni moja ya ujenzi pale Njoro, na alikitamani cheti cha usimamizi wa miradi kama wenzake walivyotamani viza. Cheti chenyewe kilitoka ng'ambo. Kabla ya kuruhusiwa kufanya mtihani wa Novemba, fomu ilimtaka aonyeshe saa elfu nne na mia tano alizowahi kuongoza miradi. Alikuwa na elfu tatu na mia sita.

"Mia tisa tu?" Injinia Efraimu, bosi wake, alicheka. "Dada, ile zahanati ya Himo si uliisimamia wewe?"

"Himo nilikwenda siku moja, bosi. Nikala ndizi nikarudi."

"Basi ulisimamia ndizi." Akaandika Himo, saa mia tisa, akasaini fomu, akagonga muhuri.

Eunike akaitia fomu ndani ya kitabu cha kujisomea isije ikakunjamana. Ikaangukia sura ya maadili. Kila jioni, nyumbani Shirimatunda, aliiweka kando fomu ya uongo, akajibu maswali ya uaminifu, akapata yote, akairudisha fomu mahali pake. Wiki mbili nzima hakuona tatizo. Wiki ya tatu likaja swali: mwombaji ameongeza saa ambazo hakuzifanya, ufanyeje? Akajibu mbio mbio kwamba aripotiwe. Akapata. Kisha akaitazama fomu, na fomu ikamtazama.

Bila zile mia tisa hakuna mtihani. Hata hivyo asubuhi akaichana.

"Huo ulokole utakuua na njaa," Efraimu alimwambia.

"Bosi, itakuwa kama kuiba mbuzi wa jirani ili nimpeleke kanisani kwenye mavuno."

Jumapili akapanda kijijini kwao, uso umemshuka, kumwamkia Mzee Sifael, mwenyekiti wa mfongo, yaani mfereji unaoshusha maji ya mlimani hadi kwenye vihamba, mashamba ya migomba ya kila ukoo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona umenuna kama ng'ombe aliyenyimwa majani?"

"Nimepungukiwa saa za kuongoza mradi."

"Na mfongo uliotutengenezea miaka mitatu ulikuwa nini? Harusi?"

Eunike akaduwaa. Kazi ya mfongo haikuwa na mshahara, wala bosi, wala muhuri. Nani angeiita mradi? Lakini ni yeye aliyepanga zamu, akabishana na wauza saruji, akawatoza watoro ndoo ya mbege, pombe ya ndizi, wakiwemo wajomba zake. Mzee akatoa daftari la mahudhurio, kila siku na saa zake. Wakajumlisha: mia saba na themanini.

"Bado mia na ishirini," Eunike akasema.

"Weka na zile za kunywa mbege baada ya kazi. Hapo tulifanya kazi kweli kweli."

"Mzee!"

"Si nimejaribu tu."

Mvua ilikuwa imebomoa banio la juu, pale maji ya mto yanapoingizwa mfongoni, na kijiji kilikuwa kikitafuta mtu wa kuongoza ukarabati. Eunike akaichukua kazi hiyo, akaiacha Novemba ipite, akaomba mtihani wa Juni. Jumamosi ya kwanza ya kazi alimkuta Mzee Sifael ameshakaa juu ya jiwe kando ya banio, jembe mapajani.

"Saa mbili kamili, kazi imeanza. Andika."

"Watu hawajafika, mzee."

Mzee akachungulia njia ya mgombani. Tupu.

"Haya, tusubiri," akasema, akampokonya Eunike kalamu asije akashawishika kuandika.