Mtama wa Mgambo

Nilikuwa mgambo, na mpaka leo nikilitaja neno hilo mgongo unaninyooka wenyewe. Kijijini kwetu, upande wa Mtinko, wanawake tulikimbia mchakamchaka alfajiri na bunduki za mti begani. Waliotucheka walichoka kabla yetu.

Mwaka mmoja mtama ulipatikana kidogo. Fungu la ulinzi katika ghala la kijiji likawa halitoshi kulisha makundi mawili: sisi tuliofundishwa vita kamili, mahandaki na shabaha, na wale waliolala porini kuvizia wezi wa mifugo. Afande aliyetufundisha, mgeni kutoka pwani, alitaka doria ivunjwe, wote tuje kwenye gwaride. Adui wa mpakani, alisema, hangoji mtu ajiandae. Hakuwa mwongo. Lakini wezi walishamaliza nusu ya zizi la baba mkwe wangu, na maziwa ya ng'ombe waliobaki ndiyo yaliyowalea wanangu.

Mkutano ulipoitishwa nikasimama, nikampa mgongo baba mkwe, aliyeketi kando ya afande, nikaanza kusema. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, sembuse kubishana mbele yake.

"Geuka!" afande akafoka. "Askari hawapi wakubwa mgongo!"

Nikaganda. Nikigeuka, nimemvunjia mzee heshima. Nisipogeuka, nimekaidi amri mbele ya kikosi kizima. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka.

Kisha nikasikia kigoda kikiburutwa. Mzee alikuwa amekigeuza, ameketi akitazama ukuta wa ghala.

"Afande, mimi sipo hapa," akasema. "Askari aseme."

Nikageuka, nikasema yote. Tupokezane: walio porini wiki hii, wiki ijayo waje gwaridani, na wa gwaride waende porini. Uji uwe mmoja, hata ukiwa mwepesi. Afande alinuna, lakini kijiji kizima kilinyoosha mikono.

Wezi walikuja kabla ya mvua, zamu ikiwa yetu. Tuliwatimua kwa mafunzo yaleyale ya afande, tukijipanga na kusonga kwa amri, na hakuna ng'ombe aliyetoka.

Asubuhi nilirudi nyumbani nimejaa vumbi, nikajibanza nje ya mlango maana mzee alikuwa ndani. Nikamsikia akimwambia mama mkwe, kwa sauti ya kunifikia, "Maziwa ya leo mpe askari kwanza. Watoto watasubiri."