Komiki ya Rubani na Mzamiaji: kurasa za katikati sijazisoma hadi leo

Wakuu, salaam aleikum kwa wa salaam, na habari zenu ninyi wengine. Haya ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa, na sehemu inayoniaibisha sijaifuta.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mturkana wa Isiolo mjini, mtoto wa muuza makaa, na nina diploma ya mitambo ya baridi kutoka Uingereza. Sikusomeshwa na mtu. Nyumba yangu ya Burat ni ya ghorofa na kila chumba kina feni. Nasema tu.

Miaka ya sabini nilikuwa na rafiki mmoja, Abdi. Baba yake alikuwa na lori, na kila akitoka Nairobi alileta komiki.

Mimi nilikuwa mtu wa Rubani, yule wa barakoa anayepigana angani. Abdi alikuwa mtu wa Mzamiaji, anayeishi chini ya bahari. Bahari yenyewe hakuna kati yetu aliyewahi kuiona.

Tulibishana mwaka mzima nani angemshinda mwenzake. Walichapishwa na kampuni mbili tofauti, kwa hivyo tulijua hawatakutana kamwe.

Halafu siku moja baba yake Abdi akaleta kitabu kimoja, wote wawili kwenye jalada!

Tukakubaliana kukigawa nusu kwa nusu, tubadilishane Jumamosi. Mimi ndiye niliyetoa pini zilizoshika karatasi.

Sasa, kwetu vijana wa Isiolo, tukigawana nyama, mwenye kisu huchagua mwisho. Mborana, Msomali, Mturkana, sheria ilikuwa hiyo moja.

Lakini karatasi za komiki, zote nane, zimekunjwa katikati. Ile ya nje kabisa ina ukurasa wa kwanza na wa mwisho pamoja. Mimi niliona hivyo mara moja, Abdi hakuona. Nikachukua nne za nje, nikamsukumia nne za ndani kabla hajafungua mdomo.

Kesho yake akanivamia shuleni. "Ekai, mwizi wewe! Umenipa tumbo, umebaki na kichwa na miguu!"

"Si ulichukua mwenyewe?"

"Nilichukua au nilipewa? Aliyekata ni nani?"

Darasa zima likacheka. Mimi pia nilicheka.

Ijumaa akaja kwetu. Nilimwona kupitia tundu la mabati, nikamwambia mama aseme nimeenda Burat kwa shangazi. Nilidhani amefuata jalada. Mama hakupenda, lakini alisema. Abdi akasimama kidogo, akaenda zake.

Jumamosi nyumba yao ilikuwa tupu. Lori lilikuwa limehamisha familia nzima kwenda Moyale.

Nusu yangu nilifika nayo hadi Uingereza. Ukurasa wa nane, Rubani anaanguka baharini na mkono wa Mzamiaji unamshika koo. Ukurasa wa ishirini na tano, wameketi juu ya mwamba wakicheka, wanaitana ndugu. Kilichowapatanisha sikijui. Miaka yote ile, katika chumba kimoja chenye baridi, nilikuwa nikifungua wa nane, kisha wa ishirini na tano. Hakuna aliyekuwa akibisha hodi.

Nilirudi mwishoni mwa miaka ya themanini, suti mwilini, cheti mkononi. Nikamkuta Halima, dada yake Abdi, anauza vitambaa mjini. Nikamwonyesha cheti. Akakitazama, akanirudishia.

"Abdi yuko Arabuni, anaendesha malori. Barua zilikatika zamani." Akakunja kitambaa. "Ile Ijumaa alikuletea karatasi zake. Alisema heri kitabu kiwe kizima, hata kama ni kwako."

"Mama alimwambia nimeenda..."

"Alijua uko ndani, Ekai. Viatu vyako vilikuwa mlangoni."

Wakuu, baadaye nilitafuta nakala nzima ya komiki ile nikaipata. Ipo kabatini, ndani ya nailoni yake. Watu huniambia, fungua usome mzee, ni kurasa kumi na sita tu. Sijafungua.

Funzo langu ni hili: ukikata wewe, ngoja mwenzako achague. Kila nilicho nacho nimekijenga kwa mikono yangu, na ghorofani hakuna mtu wa kubishana naye nani angeshinda.

Semeni lolote, hata la kunicheka, nitasoma yote. Na kama yupo hapa aliyeendesha lori Arabuni na anamjua Abdi wa Isiolo, mtu wa Mzamiaji, amwambie komiki bado imefungwa. Pini nitatoa mimi. Yeye atachagua kwanza.