Aliyesema "Hapo!"

Haya hakuna atakayeyaamini, na mjomba wenu anayeandika haya ameshazoea. Aliwahi kusema ukweli mtupu siku moja, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo akaona heri aongeze chumvi, angalau wacheke kwa haki. Lakini hili la Fundi Kimya na lori lake kuukuu ni la kweli, isipokuwa pale patakaponoga kupita kiasi.

Fundi Kimya ni shemeji yake mjomba wenu, mume wa dada yake. Hilo jina la Kimya alipewa na mtaa baada ya mkewe kufariki. Kabla ya hapo alikuwa kasuku. Ukimpelekea gari, ungerudi nyumbani na habari za ukoo mzima wa jirani, na breki zako zikiwa bado zinalia.

Mke na mume walikuwa na namna yao ya kufunga taiming, yaani kupanga gia za injini zizunguke kwa mpango mmoja. Mume analala chali chini ya lori na pao refu, ule mpini wa spana, anazungusha kranki, mhimili mkuu wa injini. Mke anasimama juu ya bampa na tochi, macho kwenye gia, anangoja zile alama ndogo zilizochongwa kwenye meno zikutane zote kwa pamoja. Zikikutana anasema, "Hapo!" Basi. Mume hakuwa na haja ya kuziona. Na huko chini mdomo haukutulia: nani kahama, nani karudiana na nani. Dada naye juu: "Muongo wewe! Zungusha!"

Dada alipougua, lori likaachwa uani, likadondosha oili kwa mbele mpaka ardhi ikawa na doa jeusi kama kivuli kisichohama. Mwaka ukapita tangu mazishi. Ndipo binti yao, anayekaa mbali, akapiga simu.

"Baba, hilo lori ni chuma chakavu. Jumamosi kama halijatoka hapo uani kwa nguvu zake, wenye vyuma wanalikokota, na wewe unakuja kukaa kwangu. Nyumba nzima peke yako, unaongea na nani?"

"Sawa," alisema fundi.

Binti akaogopa. Baba yake hajawahi kukubali kitu kwa neno moja.

Ijumaa asubuhi fundi alikuwa ameshatoa rejeta na kufungua kifuniko cha gia. Sili ya kranki, ule mpira wa kuzuia oili, ilikuwa imekauka, ngumu kama ukucha wa mzee. Akaing'oa taratibu, akafuta pale inapokaa kwa kitambaa, akapaka grisi mdomo wa sili mpya, akaiingiza kwa kipande cha ubao, akigonga huku na huku isikae upande. Gia ya kati akaitoa pia, maana bushi yake, kile kikombe inachozungukia, ilikuwa imelegea, akairudisha alama kwa alama. Kazi safi. Mjomba wenu asingefanya vizuri zaidi, au angefanya vizuri kidogo tu.

Ikabaki kuhakikisha. Akaingia chini, akazungusha kranki kidogo, akatambaa kutoka, akapanda bampa na kioo cha kunyolea ili aone nyuma ya puli, lile gurudumu la mkanda. Alama zimepishana. Akarudi chini, akazungusha, akatoka. Zimepishana. Akasema moyoni nimekosea jino, akafungua gia, akapanga upya. Zikapishana tena.

Mjomba wenu alimkuta amekaa kwenye tairi, mikono myeusi juu ya magoti, chai imepoa pembeni.

"Shemeji, umezeeka. Niachie mimi, nilishafunga injini ya meli."

"Meli ipi?"

"Kubwa."

Fundi hata hakutabasamu. "Nafungua mara ya tatu. Labda mtoto ana haki."

"Dada alikuwa anakwambia uzungushe mara ngapi?"

Fundi akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Hakujua. Anajua kabisa gia ya kati ni mvivu, alama zake zikiachana, kranki lazima izungushwe mara nyingi kabla hazijarudi nyumbani. Lakini hakuwahi kuona urefu wa hiyo safari. Alikuwa anaongea. Angeanza na habari za fundi cherehani, afike kwa mwenye duka, na "Hapo!" imeshatoka. Sasa kimya chake kimefanya mizunguko michache ionekane mwaka, akawa anakata tamaa kabla alama hazijarudi.

Akaingia chini. Mjomba wenu, mtu mwenye heshima zake, akaenda kukaa barazani. Kutoka huko alisikia pao likigonga, halafu sauti iliyokwaruza kwa kutotumika: "Yule fundi cherehani, mama watoto, kahama... Ndiyo. Kaacha na paka." Pao likagonga. Habari zikaendelea, mwaka mzima wa habari, zote zikielekea bampa tupu.

Jumamosi wenye vyuma walifika na minyororo, wakakuta lori limesimama barabarani likinguruma, mbele pakavu bila tone la oili. Fundi akampigia binti, akaisogeza simu kwenye bomba la moshi. Akasikiliza. "Basi, baba," akasema. "Kaa."

Sasa mtauliza: alama zilipokutana, nani alisema? Hapo ndipo hamtaamini. Ile tochi ya dada, iliyolala juu ya bampa alipoiacha, ikawaka yenyewe. Upepo ukasimama. Na sauti ileile ya kukaripia, majirani wote ni mashahidi, ikatoka wazi kabisa, ikasema, "Ha—"

"Shemeji." Fundi amesimama nyuma ya kiti, anasoma begani kwa mjomba wenu. "Majirani gani? Nilitambaa nikatoka, nikaangalia, nikasema mwenyewe."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Basi niache angalau tochi. Tochi iliwaka ki—"

"Haikuwaka. Betri zake zilikufa tangu dada yako alipougua."