Wingu Juu ya Moto Wetu

Mwanangu, kuna asubuhi moja ninayoikumbuka sana, na mpaka leo sijaielewa yote. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Nilikuwa kijana, ninakaa kwa shangazi yangu Zaina huku Mikelenge, na siku hiyo tulipaswa kuchoma shamba.

Shangazi alikuwa mjane. Kipande chake cha pori tulikikata pamoja wakati wa jua, miti ikalala chini, majani yakakauka mpaka yakawa yanalia chini ya miguu. Kilichobaki kilikuwa moto, halafu mpunga. Lakini moto wa shamba hauna mara ya pili. Mvua ikinyesha katikati, majani yameshaungua na magogo yamebaki, na hakuna tena cha kuyawashia. Mwaka huo umepotea, na shangazi hakuwa na shamba jingine.

Jirani yetu wa shamba alikuwa Papa Kalonji, mtu wa Kasai aliyefanya kazi kwenye reli. Mashamba yakigusana, watu huchoma siku moja, ili moto wa mmoja usimvamie mwenzake bila kujua. Yeye alikuwa na siku ile tu. Jumamosi ilikuwa ya salongo, kazi ya umma ya lazima, sote barabarani kufyeka majani, na kazini hawakumpa siku nyingine.

Tulipofika, ukungu wa Lualaba ulikuwa umefunika kila kitu. Papa Kalonji hatukumwona, tulisikia kikohozi chake tu. Akasema mvua imeshafika, afadhali turudi. Shangazi akamjibu polepole kwamba ukungu unaolala chini namna ile huja baada ya usiku wenye nyota, na jua likitoka utapanda na kuisha.

Mimi nilichanganyikiwa. Shuleni tulifundishwa kwamba jua linapasha maji ya mto, mvuke unapanda, unakutana na baridi huko juu, unakuwa wingu. Basi ukungu nao ni wingu lililolala chini. Sasa wingu moja linawezaje kuleta habari ya jua, na jingine habari ya mvua, wakati yote yametoka kwenye maji yaleyale? Sikuuliza. Kwangu, kuuliza mbele ya watu ilikuwa kazi nzito kuliko kukata mti.

Ukungu ukaisha kweli. Jua likawaka. Lakini umande ulipokauka, yakatokea mawingu meupe, chini yamenyooka kama yamewekwa juu ya meza, juu yamevimba. Papa Kalonji akanigeukia.

"Wewe mutoto wa masomo, sema. Tuwashe ao tuache?"

Shangazi akaniambia nichague wingu moja tu, nisilitoe machoni. Likiliwa pembeni na kuwa dogo, jua litaendelea. Likipanda kama mnara na tumbo lake likawa jeusi, mvua iko njiani. Nikachagua. Lile likayeyuka kama chumvi. Nikafurahi, nikatazama la pembeni yake, na hilo lilikuwa linapanda.

"Moja imekwisha, ingine iko inakomaa," nikasema. "Mi sijui, shangazi."

Papa Kalonji akacheka. "Miaka yote ya masomo, njo hii umetuletea?"

"Umuache," shangazi akasema. "Amesema vile ameona. Ile inakomaa iko mbali, na upepo iko inaipeleka kule Punia. Tuwashe."

Tulianzia upande wetu. Moto ukanguruma, moshi ukasimama wima, mnene. Halafu juu yake, mahali palipokuwa bluu tupu, pakatokea kitu cheupe, kinavimba kama povu la sabuni. Haukuwa moshi tena. Lilikuwa wingu, limezaliwa juu ya shamba letu. Nilidhani tumejitengenezea mvua wenyewe. Nikamuuliza shangazi kama moto unaweza kuzaa wingu. Alitazama juu, mkono kwenye paji la uso, akasema kwamba joto ni joto, liwe la jua au la kuni, kazi yake ni kupandisha.

Matone yakaanza, makubwa, meusi kwa majivu. Kwetu moto ulikuwa umeshakula magogo. Upande wa Papa Kalonji, uliowashwa mwisho, ulizimika nusu. Alisimama kati ya miti yake iliyokuwa ikitoa mvuke, shati limemganda mgongoni. Ilikuwa mvua ya wingu letu, au ya jingine lililojificha nyuma ya moshi? Sijui. Moshi ulitufunika macho.

Mwaka ule Papa Kalonji alipanda muhogo kati ya magogo. Sisi tulivuna mpunga, na shangazi akamwita mke wa Papa Kalonji aje na kikapu, tumgawie.

Kwa hiyo, mwanangu, usilihukumu wingu kwa kulitazama mara moja. Kaa nalo. Angalia kama linakua au linaisha, tumbo lake lina rangi gani, upepo unalipeleka wapi, na usisahau kutazama nyuma ya moshi wako mwenyewe. Watu wakikungojea jibu, waambie ulichokiona, na pale ujuzi wako unapokoma uwaambie umekoma, hata wakicheka. Na mvua ikizima moto wa jirani ukabaki wako, usijione wewe ndiye mwenye akili. Mwite aje na kikapu.

Mungu akupe jua siku ya kuchoma na mvua siku ya kupanda. Na siku atakapozichanganya, akupe mtu wa kusimama naye mkitazama juu pamoja.