Mama Mkwe Anataka Nimtangazie Mwanawe, na Msiba wa Mwanawe Nimeufungia Mimi

Asalaam aleikum. Admin, kisa kiweke, jina langu ubaki nalo mwenyewe, maana mji wetu ni mdogo. Nina miaka ishirini na tisa, nimeolewa, sijajaliwa mtoto, naishi Kismayo nyumbani kwa mama mkwe wangu. Sisi ni Wabajuni. Nilizaliwa kisiwa cha Chula, nikakulia ukimbizini Mombasa, na huko ndiko nilikojifunza kutengeneza tovuti kwa PHP. Msicheke. Huku wakimwona mwanamke na kompyuta wanadhani anauza nyimbo.

Jumuiya yetu ilinipa kazi ya kutengeneza tovuti ya habari zetu: chombo kimefika Chovae, harusi, mgonjwa anataka damu, msiba. Mtu akiandika tangazo haliruki papo hapo. Linaingia kwenye foleni, na kuna programu ndogo nyuma ya pazia ambayo kazi yake ni kulichukua na kulirusha kwenye simu za watu wetu wote, wa hapa na wa ng'ambo. Majuzi nikaihamishia tovuti kwenye seva mpya, na simu zote zikanyamaza. Wanaoandika wanaona "limetumwa", wanaosubiri hawaoni kitu, na matusi yote yanakuja kwangu.

Nilihangaika jamani. Kwenye seva hakuna kosa lililoandikwa hata moja. Nikarusha tangazo la kujaribia bila kulipitisha kwenye foleni, likafika. Basi njia ilikuwa nzima. Kumbe matangazo niliyapangia foleni yake peke yake, na ile programu kule kwenye seva mpya nimeiwasha inaangalia foleni ya kawaida tu. Yamejipanga mlango huu, mchukuaji kasimama mlango ule! Nikacheka peke yangu. Kabla sijayaachia nikasema ngoja niyapitie, yaliyopitwa na wakati niyafute. Nikafungua moja nikakuta jina la shemeji yangu, kaka wa mume wangu, aliyekuwa akiishi Mombasa. Amefariki. Ameshazikwa.

Nikampigia mume wangu, ambaye naye yuko Mombasa, alikwenda kununua mashine ya boti. Hakuniuliza nalia nini. Aliniuliza, "Umejuaje?" Yaani amemzika kaka yake akanificha hata mimi mkewe. Hilo liliniuma na bado linaniuma.

Kwetu mama haambiwi kifo cha mwanawe kwa simu, wala na mkaza mwana. Anakwenda kaka yake wa tumbo moja, anaketi naye, anamshika mkono, ndipo anasema. Sasa kaka yake huyo yuko Chovae na amekataa kuja mpaka watoto waliobaki wawepo wote, anaogopa presha ya dada yake. Mume wangu naye karatasi za safari zimemkwamisha. Aliyeandika tangazo alidhani nyumba imeshaambiwa. Mume wangu akanambia, "Lifunge hilo. Ukimwambia wewe, mama akaanguka, utamjibu nini Mungu?"

Nikaliweka pembeni, mengine nikayaachia. Mji mzima ukanisifu.

Tangu hapo naishi na mama huyu nyumba moja, meza moja. Anaanika samaki, ng'onda za kumpelekea mwanawe. Kila akimaliza kusali anamwombea afya na riziki, na mimi nipo nyuma yake naitikia amina. Nasema amina kwa mtu aliye kaburini! Majirani wameshasikia kwa simu za Mombasa. Wanaingia, wanakunywa kahawa, wanamtazama, wanatoka haraka, hakuna anayethubutu kumtangulia yule kaka yake wa Chovae. Mume wangu anampigia kila siku anamwambia kaka yuko kazini. Mimi machozi yakinishinda nasingizia moshi, na siku nyingine hata moto sijawasha.

Leo baada ya adhuhuri akaja akaketi karibu na kompyuta yangu.

"Mwanangu, mchu hapotei hivi. Mkewe hashiki simu, yeye hashiki simu. Hichi kichu chako si chafika kwa Wabajuni wote? Niandikie kuwa mamake amtafuta."

"Mama, subiri kidogo, mtandao una matatizo."

"Siku ile ulisema umeutengeneza. Watu wote wakushukuru. Mimi tu ndiye usiyeweza kunisaidia?"

Nilikosa pa kutokea. Akawa anasema yeye, mimi naandika. Jina la mwanawe, jina la babake, kisha akanishika bega akasema, "Maliza hivi: yeyote atakayemwona amwambie mamake hana hasira naye tena." Kumbe mara ya mwisho waligombana kwenye simu, na mama wa watu anadhani mwanawe amenuna.

Nikabonyeza tuma mbele ya macho yake, lakini ile programu ya kurusha nilikuwa nimeshaizima alipokuwa akinitajia maneno. Kwa hiyo sasa hakuna tangazo la mtu yeyote linalotoka, na watu wameanza tena kunipigia kulalamika, kuna mwenye mgonjwa wake kisiwani Kudha anataka boti. Nikiiwasha, la mama litatoka pamoja na mengine, na watakaomjibu watampa rambirambi. Naweza kulitoa pembeni kama lile la kwanza, ndiyo, ni kazi ndogo sana. Lakini nitakuwa nimemfungia mwanawe, kisha nikamfungia na yeye, na mimi ndiye anayeniita mwanangu. Nikisema kweli, ndoa yangu imekwisha, na roho yake sijui. Mume wangu nimempigia hadi nimechoka, hapokei.

Ninaandika haya nimejifungia chumbani. Yeye yuko barazani na simu mkononi, na sasa hivi ameniita tena, anauliza kama kuna yeyote aliyemwona mwanawe. Nishaurini ndugu zangu, nikitoka hapa nimjibu nini?