Chaza niliowapika Kigera wakanikosesha mke

Wakuu, nawasalimu. Hii nimekaa nayo miaka mingi. Sijaitia chumvi.

Nilitoka Kilwa miaka ya ruksa, mwishoni mwa themanini, nina cheti cha form four na kazi hakuna. Lori mpaka Rufiji, pantoni, lori tena mpaka Dar. Treni hadi Mwanza, nikashuka na kiatu kimoja (msiniulize). Kisha meli mpaka Musoma.

Nikapata kibarua cha kupakia pamba Bunda. Jumamosi narudi Kigera, kando ya ziwa pale Musoma, nilikopanga chumba.

Hapo nikampenda Nyanjige, binti wa mwenye nyumba. Baba yake, mzee Masatu, alikuwa mvuvi aliyeacha maji, mkali, kafiwa na mke. Nyanjige alinieleza mama yake alikufa kwa homa mwaka wa njaa, yeye akiwa bado mdogo, kapelekwa kwa shangazi Butiama.

Kabla ya kutuma washenga nikataka kumpikia mzee. Kwetu pwani mwanaume kupika si ajabu.

Ufukweni chaza wa ziwani walikuwa tele. Watu pale waliokotaga maganda tu, wakawatwangia kuku. Nikajiona mjanja, nikadhani hawajui utamu.

Niliomba ruhusa kazini, nikawaloweka siku mbili wateme tope. Nikawachemsha mpaka wakafunguka, nikawaunga kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi niliyoagiza kwa mtu wa treni.

Nyanjige alicheka sana.

"We mpwani! Mwanaume kujifunga kanga jikoni? Baba atasema nimekuroga."

"Na akila?"

"Akila, umeoa."

Mzee akanawa, akafunua bakuli. Hakugusa. Mchuzi ukaanza kuganda.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, baba. Kwetu ni chakula cha heshima."

"Hapa tulikula vidude hivi mwaka wa njaa, mhogo ulipokauka. Mama yake huyu alikuwaga anaingia ziwani hadi kifuani, anavipapasa kwa miguu. Siku moja mamba akamchukua."

Nyanjige alikuwa mlangoni, ameshika sahani ya ugali.

"Si mlisema homa?"

"Ulikuwa mdogo."

"Na lile kaburi ninalolipalilia? Mlizika nini?"

"Nguo zake."

Akatua ugali chini, akaenda Butiama bila kuaga.

Wiki tatu. Mzee hakunifukuza. Nikirudi Jumamosi tunasalimiana, jioni anakula ugali na chumvi, peke yake.

Nyanjige aliporudi aliniita uani. "Sina kinyongo na wewe. Ila nikikuona, namwona mama majini. Na baba hana mwingine ila mimi, siwezi kumwacha."

Nikaenda kufunga begi.

Siku ya kuondoka mzee alibeba begi langu mwenyewe mpaka bandarini. Kwenye ngazi ya meli akanipa begi, akasema, "Ningekuoza, mwanangu."

Sijarudi Musoma tangu siku hiyo. Nimezunguka mikoa mingi, na popote nikitaka kumpikia mtu nauliza kwanza: mwaka wa njaa mlikula nini?

Kama na wewe uliwahi kumuumiza mtu ukidhani unamheshimu, tuambie hapa. Nitasoma zote.