Umeme Tuli wa Mjomba Hamisi

Enzi zetu, kabla ya kusikiliza muziki ulinawa uso, ukavua ndala, ukaenda na haja ndogo kabisa, maana ukishakaa hakuna kutikisika. Wenzangu mliokulia Newala upande wetu mtanikumbusha nikisahau. Mliokulia kwingine mtadhani natania. Elimu yangu iliishia darasa la saba, na uongo haukuwa mojawapo ya masomo.

Mjomba Hamisi, kaka yake mama, alikuwa fundi redio. Daktari mmoja Mzungu alipokuwa anarudi kwao alimwachia amplifaya ya taa pamoja na hedifoni. Hiyo amplifaya ilikuwa nzito, inabebwa na watu wawili wanaopatana. Juu yake zilisimama taa za kioo kama vichupa vilivyopinduliwa. Ukiwasha, haikupi kitu kwanza. Unangoja taa zipate moto, ziwe nyekundu kama makaa yanayopulizwa, vumbi liungue linukie, ndipo muziki wa redio kaseti uje. Joto lake lilitosha kukaushia korosho, na mjomba alikuwa akizipanga pale juu zikishabanguliwa. Zile zilizopotea akawasingizia panya, nilizila mimi. Sikuwahi kumwambia.

Hedifoni zenyewe zilikuwa kubwa kama visahani. Ndani hazikuwa na spika kama tulizozijua. Zilikuwa na utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, umewambwa kati ya nyavu mbili za chuma, na uliotikiswa ni huo utando, kwa umeme mkali uliotoka kwenye amplifaya kupitia kiboksi cha pembeni. Ukungu wetu wa Newala hazikuupenda. Zikipata unyevu zinakwaruza kama kuku anayetafuta wadudu, kwa hiyo zililala ndani ya debe la mchele. Mke wa mjomba akipika wali tulisali kwanza asije akapika na hedifoni.

Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza. Mjomba aliipeleka kwa Baba Neema, mwalimu wa sayansi, mtu wa Moshi. Mwalimu akaisoma akasema, "Hizi ni za umeme tuli." Mjomba akashukuru, akaondoka. Hakuuliza zaidi, na hapo ndipo mateso yetu yalipoanzia.

"Umeme tuli," alitufafanulia, "ni umeme usiopenda fujo. Ukitikisika wewe, na wenyewe unatikisika. Ukitikisika wenyewe, unaunguza taa, unaunguza kanda, unakuunguza na masikio."

Basi tukawa tunasikiliza tuli. Mikono magotini, macho ukutani, kupumua kwa zamu: pua moja, kisha nyingine. Binamu yangu alipiga chafya katikati ya wimbo akafungiwa mwezi mzima. Bwana shamba alikuja na suruali yake ya kaki, nzi akamtua puani, akavumilia mpaka wimbo ukaisha. Alipovua hedifoni alikuwa na machozi. Mjomba akasema ni utamu wa muziki.

Sasa, katika kanda zote za mjomba, moja ilikuwa haiguswi. Alikuwa amerekodi humo ngoma ya babu, siku babu alipopiga kwenye kiwanja chetu kwa mara ya mwisho. Babu alifariki, kanda ikabaki moja tu, na spika ya redio kaseti yetu ilikuwa imechanika. Ngoma ilitoka kama mtu anayekohoa ndani ya gunia. Jumamosi moja alasiri Bibi Somoe, mama yake mjomba, akaingia akajifunga kanga vizuri.

"Hamisi, nataka kumsikia baba yako kwenye hayo makofia."

"Mama, wewe utatulia?"

"Natoka bondeni na ndoo kichwani, tone halimwagiki. Nitashindwa visahani viwili?"

"Juzi kwenye foleni ya bomba ulikuwa unacheza. Watu wote walikuona."

"Foleni ilikuwa ndefu!"

Mjomba akainama. Akasema taratibu, "Kanda ni moja, mama. Ikiungua, tutakuwa tumemzika baba mara ya pili."

Bibi alivuta kiti, akaketi. Kisha akasema, "Basi nifungeni."

Tukamfunga kwenye kiti kwa kanga zake mwenyewe, kiunoni na miguuni. Taa zikawaka. Mjomba akamvika hedifoni, akabonyeza kaseti. Bibi akatazama ukuta. Kwanza likacheza bega moja. Halafu la pili. Halafu kiti.

"Bibi, tuli!" tulipiga kelele.

"MNASEMAJE?" akajibu kwa sauti ya kuitia watu shambani.

Kanga ya miguu ikafunguka. Bibi akasimama, kiti kikiwa kimebaki nyuma yake kama ganda la konokono, akacheza kulia mpaka waya ulipokoma, akacheza kushoto mpaka ulipokoma, kiti kikigonga kabati kwenye mdundo kabisa. Mjomba aliziba macho. Tulisubiri moshi. Haukuja. Taa ziliwaka vilevile, kanda ikazunguka mpaka mwisho, na Bibi akaketi anahema, akasema, "Hajambo baba yenu."

Jioni hiyo Baba Neema aliposimuliwa, alicheka akashika mlango. "Hamisi, kinachotulia ni umeme, si mtu!"

"Mwalimu," mjomba akamjibu, "wewe ni mgeni. Umeme wa Newala huujui. Umemheshimu mama tu."

Na sheria ikabaki palepale kwa sisi wengine, hadi mwaka huu mjomba alipofariki.

Siku hizi vijana wanachomeka vidude visivyo na waya masikioni, vidogo kama punje za njugumawe, wanapanda navyo bodaboda mpaka Kitangari, wanatafuna, wanabishana peke yao barabarani. Kimoja kikidondoka shimoni wanalia kuliko tulivyolia msibani. Sauti wanayo safi, siwanyimi haki yao. Ila sijaona hata mmoja aliyenawa uso kwanza.

Baada ya arobaini ya mjomba tuliitoa amplifaya. Taa moja ilikataa, nikaibadilisha na nyingine iliyokuwa kwenye kopo lake la vipuri. Nikavaa hedifoni, nikaweka ile kanda. Mimi sikuwahi kuisikiliza humo. Siku ile aliyevaa alikuwa Bibi.

Kabla ngoma haijaanza, mbali nyuma ya mkwaruzo, nikamsikia mjomba akiwa kijana, anawafukuza watoto kwenye kinasa sauti: "Tulieni, nyie! Tulieni!"

Mmoja wa watoto hao ni mimi.

Binti yangu akanigusa bega. "Baba, mbona hupumui? Kanda imekwama?"

Umri huu wote najua kwamba umeme ule haujali mtu akitikisika. Nilitazama ukuta, mikono magotini. Pua ilikuwa inaniwasha sana. Sikuikuna.